Kompyuta nilizotuma Mtwara zinagoma kuingia kwenye domeni ya ofisi

Leicester, Jumapili usiku

Shikamooni wakubwa, na salamu kwa wenzangu. Zile kompyuta 2 za mtumba nilizomtumia mdogo wangu zimefika Mtwara salama. Ofisi yao inashughulikia stakabadhi za korosho, minada ya Oktoba imeshaanza na kazi zimewajaa. Sasa zote 2 zinakataa kuingia kwenye domeni ya ofisi, yaani kundi la kompyuta za ofisi linalosimamiwa na seva, kompyuta yao kuu. Intaneti inafunguka vizuri, ila akiandika jina la domeni anaambiwa haipatikani. Nimemwelekeza kwa simu siku 3 mpaka na mimi nimekwama. Mwenye ujuzi anisaidie, dogo anaona haya kazini.

Mtwara, Jumanne jioni

Marahaba mdogo wangu. Tangu nirudi nyumbani nakaa Shangani, si mbali na ofisi yao, kwa hiyo leo asubuhi nimekwenda mwenyewe. Usimgombeze kijana, amehangaika sana.

Nimeanza na ile nzima zaidi. Alikuwa ameiunganisha na waifai ya ruta. Nikaandika ipconfig /all, amri inayoonyesha mipangilio ya mtandao, na kwenye mstari wa DNS, yaani seva inayoulizwa jina fulani liko anwani gani, nikakuta 8.8.8.8. Hiyo ni ya Google. Tovuti za dunia nzima inazijua, ila jina la domeni ya ndani ya ofisi haijawahi kulisikia. Ni sawa na kumsimamisha mpita njia Kariakoo umuulize nyumba ya bibi yako Mikindani. Nikachomeka waya, nikaweka anwani ya seva ya ofisi kwenye DNS, ya Google nikaiondoa kabisa. Wengi huiacha kwenye nafasi ya pili kwa tahadhari, matokeo yake kompyuta leo inaiona domeni, kesho haiioni. Nikajaribu nslookup, amri ya kuiuliza DNS, na jina la domeni, seva ikajibu.

Tukadhani tumemaliza. Fundi wa ofisi akaweka nenosiri lake, ikakataa tena: saa ya kompyuta na ya seva hazilingani. Kijana akanionyesha kona ya skrini, 10:40, na saa ya ukutani saa 4 na dakika 40 asubuhi. Zinalingana kabisa! Nikafungua mipangilio ya saa, nikakuta kanda bado ni ya London. Kumbe alizima saa ya kujirekebisha yenyewe, akasogeza kwa mkono mpaka ifanane na ya Mtwara. Kwa macho yetu ni sawa, lakini kompyuta na seva hulinganisha saa za UTC, saa moja ya dunia nzima isiyofuata kanda, na hapo walipishana saa 2 nzima. Kerberos, mlinzi wa mlango wa domeni, kwa kawaida huvumilia dakika 5 tu. Kwenye orodha ya Windows usitafute Dar es Salaam, haimo. Chagua Nairobi, ndiyo saa yetu. Nikabadilisha kanda, saa ikaruka mpaka 12:40, nikairudisha. Safari hii ikapokelewa, tukaiwasha upya, kijana akaingia kwa jina lake.

Ya pili sikuifanya kitu. Ni Windows Home, na toleo hilo haliingii kwenye domeni hata ukeshe nayo. Inahitaji leseni ya Pro.

Ndugu mnaotuma mashine nyumbani, nawaomba sana: kabla hujamlipa muuzaji, fungua mipangilio, sehemu ya maelezo ya mfumo, usome toleo. Ni dakika 1 huko, ila huku mtu anabaki na mzigo usiomsaidia kazini. Kanda ya saa ibadilisheni kabla ya kufunga boksi. Na msimwombe kijana awatumie nenosiri la msimamizi kwa simu ili mmalizie mkiwa huko. Aliweke fundi wao kwa mkono wake. Mkikwama, mwambieni awatumie faili la NetSetup.LOG lililomo C:\Windows\debug. Limeandika kila hatua na mahali ilipogomea, linaeleza kuliko picha ya skrini.

Leicester, Jumatano

Ahsante sana dada, Mungu akulipe. Dogo amenipigia akiwa kwenye meza yake, nasikia printa inalia nyuma yake. Ile ya Home niliiona kwenye risiti na sikujua maana yake. Leseni ya Pro nimenunua leo, namba nampa yeye mwenyewe. Kijana akishaiweka, nakuomba upite tena siku moja ukiwa na nafasi, maana na hiyo nayo niliifunga ikiwa na saa ya London.