Naomba ushauri: babu anataka cheo cha heshima

Wakuu, shikamooni. Niko Mtwara, kwa babu mzaa baba. Alipigana Vita vya Kagera, akastaafu na usajenti. Mtaani kila mtu anamwita Afande, na mwenyewe hukaa chini ya mkorosho wake kama bado yuko lindo. Kila Julai 25, Siku ya Mashujaa, anapaka viatu kiwi tangu alfajiri, anabandika medali kifuani.

Mjukuu mmoja akamsomea simuni habari ya Charles McGee, rubani mweusi wa Marekani aliyestaafu na ukanali, kisha mwaka 2020, akiwa na miaka 100, akapewa ubrigedia jenerali wa heshima. Basi, nyumba haina amani! Babu anasema aliachwa kwenye orodha ya kupanda cheo, na anataka haki yake kabla ya kuzikwa.

Nimemweleza kwamba kule Marekani cheo cha namna hiyo hakiongezi hata senti kwenye pensheni. Kajibu: "Nani kakuomba hela?"

Tatizo ni baba mdogo. Keshaenda kwa fundi cherehani kuulizia sare yenye nyota tatu za kapteni. Hiyo si kesi jamani?

Wenye wazee wastaafu wa JWTZ, mlianzia wapi kufuatilia mambo kama haya? Barua iandikwe na babu au familia? Cheti chake cha utumishi kimeliwa na mchwa pembeni, ila namba inasomeka.