Naomba ushauri: roboti ya shamba la viazi, macho na mwendo havielewani
Habari zenu wakuu. Niko Uyole, Mbeya, naunda roboti ndogo ya kupita kwenye matuta ya viazi mviringo na kutambua ugonjwa wa baka chelewa. Macho yake nimeyafundisha kwa picha nilizozipa majina mwenyewe. Mwendo inajifunza kwa kujaribu na kupewa alama. Kila sehemu peke yake inafanya vizuri. Nikiziunganisha, ukungu wa asubuhi ukishuka tu, macho yanakosea na mwendo unalifuata kosa lile lile. Inaniuma, maana shamba lenyewe ni la mama.

AlphaGo ya 2016, ile programu ya kompyuta ya kucheza mchezo wa ubao uitwao Go, ilianza kwa kuiga michezo ya watu, ndipo ikajinoa kwa kucheza yenyewe. Nami roboti yangu niiongoze kwanza kwa mkono, iige, kisha niiache ijaribu? Au nifundishe vyote kwa pamoja tangu mwanzo? Kompyuta yangu ni ya kawaida tu. Aliyewahi kupita huku anielekeze tafadhali.