Naangusha mgrivea ndani ya fensi hapa Moshi, nilinde vipi pevingi na chemba?

MamaRau
Wakuu habari za leo. Nina mgrivea hapa kwangu Rau, upo tangu enzi za marehemu baba, sasa hivi unafika kama ghorofa nne na matawi yameanza kukauka, upepo ukivuma kidogo tu moja liko chini, grivea mnazijua zinavyokatika. Kibali nishaanza kufuatilia kwa mtendaji, hilo tuliache. Shida yangu ni chini. Upande mmoja nyumba, upande wa pili chemba na septiki, penye nafasi ni kwenye pevingi na kipande cha ukoka, na bomba la maji limepita humo humo halijachimbiwa sana. Fundi wa chenso kaja kaangalia kaniambia "mama tunaulaza tu, pevingi utarudishia". Mwingine anasema nitandike matairi. Mliowahi kufanya nisaidieni, sitaki nimlipe fundi wa mti halafu nianze kumtafuta wa pevingi na wa bomba.

Kibo_Boy
Migomba dada. Huku kwetu Uru ndo tunafanyia hivyo, unakata ile iliyoshazaa unapanga mashina yake kwa kukingama na mti unapoangukia, tabaka mbili, yale maji ya ndani yanapondeka badala ya pevingi kupasuka. Na ng'ombe wanapata chakula.

Chenso_Tengeru
Hii ndo kazi yangu kwahiyo nivumilieni. Huyo anayetaka kuulaza mzima kwenye uwanja wa nyumbani mwambie asante aende. Kitu chochote kikidondoka kutoka mita 10 kinafika chini na spidi ya karibu kilomita 50 kwa saa, kiwe kizito kisiwe kizito, sasa ukiweka gogo la kilo mia mbili na spidi hiyo hakuna godoro utakalotandika likazuia kila kitu. Kazi inaanzia juu. Mtu anapanda na kamba, anashusha matawi kwanza halafu shina kipande kwa kipande, ukikata nusu ya urefu umepunguza nusu ya kishindo hata kama unaachia tu kidondoke. Vipande vikubwa unafunga kamba, wa chini anaizungusha mara mbili tatu kwenye shina la mti mwingine imara au hapo hapo chini kwenye shina lenyewe, anaachia taratibu. Asiishike ikakamata ghafla maana ndo inakatika au inamtikisa aliyeko juu. Kamba ya katani iliyokaa stoo miaka sitaki kuiona.

Migomba ya Kibo_Boy nakubali kabisa, ni nzuri kwa vipande vya shina. Matairi yana kasoro moja watu hawaisemi, yanarusha. Gogo linapiga tairi linaruka linaenda dirishani. Kama unayatumia, juu yake weka matawi mabichi mengi, hapo linazama halirudi.

Na gogo lisitue kwa kichwa. Likitua limelala uzito unagawanyika, likitua wima linachimba shimo hata kwenye ardhi kavu.

mwanafunzi_wa_SUA
Halafu wengi wanakimbilia kukata matawi yote ili shina libaki peke yake, wakati taji la matawi likibaki ndo linapokea kishindo kwanza. Ubaya wake yanachoma ardhi kama mikuki, kwenye ukoka utabaki na matundu. Ila kwa nafasi yako kushusha kwa kamba hakuna mjadala.

Shirima_wa_toroli
Kuni unampa nani? Nauliza tu nipo Kiboriloni na toroli langu 😂

MamaRau
Shirima subiri foleni ndefu. Chenso_Tengeru shukrani, swali moja, kwenye chemba nikiweka mbao nene inatosha?

Chenso_Tengeru
Hapana dada. Mbao ikilala moja kwa moja kwenye mfuniko inapitisha kishindo kile kile. Ukitaka kuikinga, weka magogo mawili pembeni, yakanyage ardhi nje ya slabu, halafu mbao zipite juu bila kugusa mfuniko, liwe kama daraja. Na hapo ni kwa ajili ya tawi la bahati mbaya tu, juu ya septiki usipange kudondosha kitu kabisa. Bomba nalo chimba kidogo ulione limepita wapi, weka vijiti vya alama, fundi asikisie.

fundi_pevingi_Ngaramtoni
Mbona mnahangaika na pevingi, si zing'olewe? Kama zimelazwa kwenye mchanga bila zege, unatoa zile za eneo la kazi unazipanga pembeni, mkimaliza mnasawazisha mchanga mnarudisha. Vijana wawili asubuhi moja. Zilizopasuka ndo gharama maana rangi mpya haifanani na ya zamani.

Afu magogo yasiburuzwe, watu wanajilinda kwenye kuangusha wanakuja kuharibu kwenye kutoa. Yabingirishwe juu ya mbao au yabebwe. Na usifanye wakati wa masika, udongo wetu huu ukilowa toroli tu linaacha mtaro.

MamaRau
Hiyo ya kung'oa sikuiwaza kabisa. Basi nasubiri pakauke, mwezi wa nane nafikiri. Chenso_Tengeru mnafika Moshi au ni Arusha tu?

Chenso_Tengeru
Tunafika. Nipigie picha ya mti mzima na ya chini, uonyeshe na nyaya za umeme kama zipo karibu, nije PM.