Mjadala: Je, kuna ujumbe wa siri uliofichwa katika herufi za Maandiko Matakatifu?

Ndugu zangu, naomba tulijadili hili kwa utulivu, Wakristo, Waislamu, na asiye na dini pia karibu. Ndugu mmoja ninayemheshimu sana, msomaji wa Maandiko wa siku nyingi, ameniandikia maneno marefu. Kwa ufupi anasema: ukizichukua herufi za Torati kwa Kiebrania, ukawa unaruka idadi ileile ya herufi kila mara, yanajitokeza majina ya watu na matukio yaliyokuja kutokea maelfu ya miaka baadaye. Na Qur'ani nayo, anasema, imefungwa kwa hesabu ya 19, yaani idadi za herufi, maneno na sura zake hugawanyika kwa 19. Kwake huo ni ushahidi usiopingika kwamba maneno haya hayakutungwa na binadamu. Akamalizia kwa kuniuliza, "Kwani Mungu anashindwa nini?"

Hashindwi. Hapo mimi na yeye hatuna ugomvi hata kidogo. Ninachouliza ni hiki: tutajuaje kwamba tulichokiona amekiweka Yeye, na si sisi tuliokiokota na kumbandikia?

Chukueni kalamu na karatasi. Andikeni ule mstari wa kwanza wa Mwanzo ambao karibu kila mtu anaujua: "Hapo mwanzo Mungu aliziumba mbingu na nchi." Ni herufi 36. Anzeni na herufi ya 7, A iliyo ndani ya "mwanzo". Hesabuni tatu mbele, mnafika kwenye O ya "mwanzo". Tatu tena, N ya "Mungu". Tatu tena, A inayoanza "aliziumba". Someni: AONA.

Nilipoipata mara ya kwanza nilisisimka, sifichi. Mungu aona! Na mistari mitatu mbele imeandikwa kwamba Mungu akaiona nuru. Unaweza kulijengea hubiri la saa nzima.

Sasa zisomeni herufi zilezile nne kutoka nyuma, kwa sababu wanaotafuta misimbo, yaani ujumbe uliofichwa katika herufi, husoma pande zote mbili. Mnapata ANOA. Ananoa nini? Kisu? Upanga? Mwenye kupenda kutisha watu naye amepata hubiri lake. Herufi hazijabadilika wala nafasi zake hazijabadilika. Mmoja kaona jicho la rehema, mwingine kaona makali ya ghadhabu. Na wale waliotafsiri mstari huo walikuwa wanahangaika tu kupata Kiswahili kinachoeleweka.

Hizo ni herufi 36. Torati ina herufi 304,805. Unaruhusiwa kuanzia popote, kuruka mbili au elfu mbili, kwenda mbele au kurudi nyuma. Tena Kiebrania huandikwa kwa konsonanti, kwa hiyo herufi tatu tu zikikaa pamoja mara nyingi tayari ni neno. Kompyuta ikiachiwa bahari hiyo, kutopata kitu ndiko kungekuwa muujiza.

Nisiwe mtu wa kudharau, maana walioanzisha jambo hili kwa njia ya kitaalamu hawakuwa watu wa mchezo. Mwaka 1994 Doron Witztum, Eliyahu Rips na Yoav Rosenberg walichapisha makala katika jarida la Statistical Science. Walichukua majina ya marabi mashuhuri, yaani walimu wa dini ya Kiyahudi, na tarehe zao za kuzaliwa au kufa, wakasema kwamba katika Kitabu cha Mwanzo majina hayo yanakaa karibu na tarehe zake kuliko bahati inavyoweza kueleza. Rips alikuwa mtaalamu wa hisabati kweli. Mhariri wa jarida aliitoa makala ile kama fumbo la kuwapa wasomaji changamoto, hakuitoa kama jambo lililothibitishwa. Hilo huwa halisemwi tunapohadithiwa.

Fumbo lilifumbuliwa mwaka 1999, katika jarida lilelile, na Brendan McKay, Dror Bar-Natan, Maya Bar-Hillel na Gil Kalai. Walionyesha kwamba rabi mmoja ana majina na lakabu nyingi, na kila moja huweza kuandikwa kwa tahajia tofauti. Ukiwa na uhuru wa kuchagua lipi liingie na lipi libaki nje, matokeo yanainama upande unaotaka. Wao wakachagua kwa namna yao, wakapata muujiza wa kiwango hichohicho katika tafsiri ya Kiebrania ya riwaya ya Tolstoy, Vita na Amani. Na mwandishi Michael Drosnin, aliyeueneza msimbo huu duniani kwa kitabu chake cha 1997, alipotamba kwamba ataamini wapinzani wake wakimwonyesha habari za kuuawa kwa waziri mkuu ndani ya Moby Dick, McKay alimwonyesha. Alimtoa humo Indira Gandhi, waziri mkuu wa India aliyeuawa, na wengine kadhaa. Moby Dick ni hadithi ya kuwinda nyangumi.

Kuhusu ile 19. Ni kweli kwamba Bismillahi kama inavyoandikwa ina herufi 19, na sura 114 ni 19 mara 6, na Sura ya 74 inataja kumi na tisa. Mpaka hapo sina neno. Lakini Rashad Khalifa, aliyeieneza hesabu hii tangu miaka ya 1970, alikuta aya mbili za mwisho za Surat At-Tawba hazimkubalii hesabu zake. Akafanya nini? Akasema aya hizo si za Qur'ani. Msimamo huo ulikataliwa vikali na wanazuoni wa Kiislamu, na mimi nikiwa Mkristo nawaelewa kabisa. Hesabu iliyokuja kulinda Kitabu imeishia kukikata! Ndugu yangu, hili pekee lingetosha kukufanya usimame ufikiri.

Lakini sitaki mjadala huu uwe wa kubeza kila kitu, kwa sababu mafumbo ya kweli yamo ndani ya Maandiko, na ni mazuri kuliko haya ya kompyuta. Katika Yeremia 25:26 anatajwa mfalme wa Sheshaki. Huo ni mji gani? Chukua alfabeti ya Kiebrania yenye herufi 22, ikunje katikati: ya kwanza inabadilishana na ya mwisho, ya pili na ile ya pili kutoka mwisho. Babeli huandikwa B-B-L. B ni ya pili, inageuka SH. L ni ya 12, inageuka K ambayo ni ya 11. Sh-sh-k: Sheshaki ni Babeli. Na tazameni, katika Yeremia 51:41 Sheshaki na Babeli wanatajwa katika mstari mmoja, kana kwamba mwandishi anakukabidhi ufunguo mkononi.

Zaburi 119 ni hivyohivyo. Mistari 176, kila minane inaanza na herufi moja, tangu Alefu hadi ya mwisho. Ukiisoma kwa Kiswahili husikii kitu, lakini msomaji wa Kiebrania hahitaji mashine. Na ile 666 ya Ufunuo, ambayo wasomi wengi wanaihusisha na Kaisari Nero kwa sababu jina lake kwa herufi za Kiebrania, ambazo kila moja ina thamani ya namba, linajumlishwa kufika hapo, mwandishi mwenyewe anasema wazi: mwenye akili na aihesabu. Anakuambia kuna hesabu!

Hiyo ndiyo tofauti ninayoishikilia. Fumbo la kweli liliwekwa na mtu ili mtu mwingine alione, na alama ya kuliona iko juu ya meza. Msimbo wa kompyuta unadai kwamba vizazi vyote vilivyosoma, vilivyokariri, vilivyokufa vikiishikilia imani, havikuwa wasomaji waliokusudiwa. Siwezi kulikubali hilo. Yesu alipohojiwa na kuhani mkuu alijibu kwamba kwa siri hakusema neno lolote. Na ndugu zetu Waislamu, wakikuta herufi kama Alif Lam Mim zinazofungua sura 29, wanazuoni wao wengi husema tu kwamba Mwenyezi Mungu ndiye ajuaye muradi wake. Unyenyekevu huo naupenda.

Mnaweza kusema, haya, kuna hasara gani mtu akijifurahisha na herufi? Mwaka 2011 mhubiri wa redio wa Marekani, Harold Camping, alitangaza kwamba hukumu ingekuja tarehe 21 Mei. Alichukua 5 kuwa upatanisho, 10 ukamilifu, 17 mbingu, akazizidisha, akalizidisha jibu kwa lenyewe, akapata siku 722,500 tangu kusulubiwa. Wapo waliotumia akiba yao yote kuitangaza siku hiyo. Tarehe 22 wakaamka. Camping mwenyewe alikuja kukiri kwamba alitenda dhambi, lakini nani aliwarudishia wale watu imani yao, achilia mbali fedha?

Kwa hiyo ndugu yangu uliyeniandikia, na wote wenye msimamo kama wako, naomba jambo moja tulifanye pamoja hapa. Kabla ya kuifungua kompyuta, tuandikie unatumia nakala ipi, kwa tahajia ipi, maana nakala za kale hupishana herufi hapa na pale, na herufi moja ikipungua mruko mzima unavunjika. Tuandikie neno unalolitafuta na umbali utakaoruka. Litaje tukio ambalo bado halijatokea. Kisha tulisubiri wote. Nami nitaleta kitabu chochote cha kawaida utakachonichagulia, tukitafute humo neno hilohilo kwa masharti hayohayo.