Yule bingwa wa skrini nyeusi leo kanidhalilisha mbele ya madogo wa fildi!

Kiberiti_Chungu (mwanzisha uzi)

Wakuu, naandika huku mikono inatetemeka. Simtaji. Mnamjua, na asiyemjua hajawahi kuomba msaada wa kukompaili (kugeuza msimbo kuwa programu) hapa Dar. Yule ambaye laptopu yake imejaa stika mpaka rangi haionekani, na kipanya hashiki, anasema ni cha watoto.

Asubuhi nina programu yangu ya C ya kupiga hesabu ya umbali, ndani kuna sqrt, ile ya kipeuo cha pili. Naiamuru gcc, kikompaila changu:

gcc -lm umbali.c -o umbali

Teminali ikanitemea: undefined reference to `sqrt'. Chini yake, collect2: error: ld returned 1 exit status. Wakuu, maktaba ya hesabu nimeitaja! -lm hiyo hapo, mtu anaiona akiwa Kigamboni! Nikaita kistaarabu kabisa, "Kaka samahani, hebu nitazamie hapa."

Akaja. Hakukaa. Akanipitishia mkono begani, akaitoa -lm mbele akaiweka mwisho wa mstari, akabonyeza Enta kwa kidole kimoja kama anaua kunguni. Ikapita. Ndipo akatamka, kwa sauti ya kusikika Kibaha: "Kompyuta haina tatizo." Akaondoka.

KOMPYUTA HAINA TATIZO. Dogo mmoja wa fildi alicheka mpaka akapaliwa na chai.

Sababu hakuisema! Herufi zilezile, faili lilelile, mbele inakataa, nyuma inakubali, na mwenye kujua kwa nini anaondoka na elimu yake mfukoni. Angenitukana halafu akanifundisha, ningemeza. Huyu katukana bure. Kile kidole, wakuu. Kile kidole kimoja!

Nyuki_wa_Mbagala

Pole mkuu. Ila hapo kwenye kunguni nimecheka mpaka konda kanisahau kituo.

Shangazi_Biti

Huyo namjua. Mwaka jana nilimuuliza kuhusu git, ile ya kutunza matoleo ya msimbo, akanijibu "soma manyuali". Manyuali yenyewe ukiifungua hujui kuitoka.

Msukuma_Baiti

Shangazi, unabonyeza q.

Shangazi_Biti

Sasa najua! Siku ile nilizima mashine.

Fundi_Linka

Mkuu Kiberiti, sababu hii hapa. Linka, ile inayounganisha programu yako na maktaba, inasoma mstari kutoka kushoto kwenda kulia. Ilipokutana na -lm, hakuna faili lililokuwa limeshaomba sqrt, ikaona maktaba haihitajiki, ikaiacha. Ilipofika umbali.c ikaombwa sqrt, na nyuma hairudi. printf, ya kuchapisha maandishi, haikusumbui kwa sababu imo kwenye libc, maktaba ya msingi ya C, ambayo gcc huiunganisha bila kuombwa. Na jambo hili si kila mahali. Ubuntu, aina mojawapo ya Linux, tangu toleo la 11.10, mwaka 2011, inampa linka --as-needed (unganisha maktaba inayohitajika tu) bila kukuuliza. Mahali pasipo na hiyo, mstari wako ungepita ulivyo.

Kiberiti_Chungu

FUNDI! Ubarikiwe wewe na uzao wako! Nyumbani nina Debian, Linux nyingine, na mstari uleule unapita! Kumbe kompyuta INA tatizo! Kanidanganya mbele ya madogo! Kwa kidole kimoja!

Jini_la_Kernel

Mtu mzima unafungua uzi kwa ajili ya herufi mbili. Rudi Excel.

Kiberiti_Chungu

Wewe ndiye yeye?

Jini_la_Kernel

Hahaha. Siyo. Ila kidole ninacho.

Mama_Semikoloni

Nyie mnalilia -lm, Makefile je, lile faili la maagizo ya Make ya kukompaili? Nimekesha na "missing separator. Stop." Mstari nautazama uko sawa, kumbe kihariri changu kimeweka nafasi nane badala ya Tab ambayo Make inaidai. Kwa macho huoni tofauti! Make ilitengenezwa Bell Labs mwaka 1976, na Stuart Feldman mwenyewe alishaeleza kwamba Tab aliibakiza kwa sababu alikuwa na watumiaji kama 12 tayari na hakutaka kuwavurugia. Watu 12! Dunia nzima tunateseka mpaka leo!

Msukuma_Baiti

Hao 12 ningewapata.

Kahawa_Chungu

Afadhali nyie. Javac, kikompaila cha Java, kwangu inakompaili vizuri, nikiendesha, "Could not find or load main class". Darasa (class) liko palepale, naliona! Kumbe Linux njia za maktaba zinatenganishwa kwa nukta mbili, Windows kwa semikoloni. Mwongozo nilionakili uliandikwa na mtu wa Windows, hakusema.

Kiberiti_Chungu

Wakuu, naomba turudi kwenye mada. Alisema "kompyuta haina tatizo" na hakugeuka nyuma. HAKUGEUKA.

Dogo_wa_Chuo

Kaka zangu, mie laptopu sina, nakompaili kwa Termux, teminali ya kwenye simu ya Android. Naandika gcc inaitika, kuuliza toleo inanijibu clang, kikompaila kingine. Nimeibiwa?

Fundi_Linka

Hujaibiwa dogo. Termux inatumia clang, jina la gcc limewekwa ili limuite clang. Endelea na kazi.

Mama_Semikoloni

Dogo, kwenye simu Tab unaiandikaje?

Dogo_wa_Chuo

Kuna mstari wa vitufe juu ya kibodi, mama. Tab ipo. Shida yangu bando. Pakeji zimekula kifurushi cha wiki kabla sijaandika hata main.

Nyuki_wa_Mbagala

Usiniambie bando! Jana nimeandika npm install, ya kupakua pakeji za JavaScript, nikaenda kuoga, narudi salio limeisha na folda haijajaa.

Kahawa_Chungu

Wa npm mmejitakia. Kalkuleta moja, pakeji mia.

Nyuki_wa_Mbagala

Semeni nyie wa Java! Gradle, ya kujengea programu, ikianza tu inapakua Gradle nyingine!

Shangazi_Biti

Kuna anayejua kifurushi cha usiku bado kinaanza saa sita? Nina kazi ya kupakua.

Msukuma_Baiti

Changu kinaanza saa tano, shangazi. Mtandao gani?