Premio yangu ya kila siku: niifanyie tyuni, au hela niiweke kwingine?

Mwalimu wa Seeta

Habari zenu ndugu zangu. Nina Toyota Premio ya 2004, injini ya 1800, ile ya 1ZZ, giaboksi otomatiki. Imeshatembea kilomita 187,000. Siku za kazi natoka Seeta, nje kidogo ya Kampala, alfajiri kwenda Nakawa, jioni narudi kwenye jam ya Kireka na Bweyogerere. Mara tatu au nne kwa mwaka naipeleka familia nyumbani Kabale, watu watano na mizigo.

Shida yangu ni milima. Tukishapita Ntungamo gari linakuwa zito. Nakanyaga mafuta mpaka chini, kelele inapanda, mwendo haupandi. Pasaka nilitoka kulipita lori la saruji, nikafika katikati ya ubavu wake nguvu ikaisha, na basi hilo linakuja. Nilishika breki nikarudi nyuma ya lori. Mke wangu hakusema neno mpaka tunaingia Kabale.

Sasa kuna gereji wameniambia wataandika upya programu ya komputa ya injini, ndiyo hiyo tyuni. Wanaahidi nguvu itaongezeka asilimia 25 na mafuta yatapungua. Wanataka shilingi 1,400,000. Ninayo, lakini ndiyo karo ya muhula ujao. Naombeni ushauri wa kweli, hasa kwa aliyewahi kufanya.

Fundi Ndeeba

Mwalimu, shikamoo. Usitoe hela hiyo kwanza. Ngoja nikueleze.

Injini yako haina tabo, yaani kile kifaa kinachosukuma hewa ya ziada ndani ya injini. Inavuta hewa kwa pumzi yake yenyewe, na nguvu ya injini inategemea hewa inayoingia. Programu haiwezi kuongeza hewa. Inaweza kusogeza muda wa cheche na kubadilisha kidogo kiasi cha petroli, na kwa injini kama yako ukipata farasi (kile kipimo cha nguvu ya injini) watano au kumi umeshukuru Mungu. Hizo asilimia 25 ni hesabu za gari la tabo, ambako fundi anaongeza msukumo wa hewa.

Jambo la pili ni huko unakokwenda. Kiwandani injini hiyo ilipewa farasi 132, lakini hiyo ni hewa ya usawa wa bahari. Ukipanda mita 1,000 injini isiyo na tabo inapoteza karibu asilimia 10. Kampala tuko kama mita 1,200, Kabale ni karibu 2,000. Kwa hiyo hata ingekuwa mpya kabisa, kule kwenu ungebaki na farasi mia na kitu. Wanaokuuzia tyuni walipaswa kukuambia hilo kabla ya kutaja bei.

Na hilo la kupunguza mafuta: ukiwa mwendo wa kawaida, komputa inasoma sensa ya oksijeni kwenye ekzosi na kurekebisha mchanganyiko muda wote, kilo moja ya petroli kwa kama kilo 14.7 za hewa. Hiyo kazi inafanywa tayari. Kwenye jam ya Bweyogerere injini inanguruma na gari limesimama, sasa programu itaokoa nini hapo?

Uliza pia wanaandika wapi. Komputa za umri huo nyingi si rahisi kuziandika upya kupitia soketi ya chini ya usukani. Mara nyingi wanakufungia kisanduku kwenye nyaya, kinaidanganya sensa ili injini idhani mambo ni mengine. Mimi nimezitoa kadhaa, nyaya zimekatwa na kufungwa kwa tepu, maji yakiingia gari linazima njiani.

Kwanza fanya hivi. Asubuhi injini ikiwa baridi chomoa kijiti upime oili, maana 1ZZ za kabla ya 2005 zina ugonjwa wa kula oili, matundu ya kuirudisha kwenye pistoni ni madogo yanaziba. Kisha chujio la hewa, plagi, throto bodi (mlango wa kuingizia hewa kwenye injini), na sensa ya hewa ioshwe kwa dawa yake, si kwa petroli. Oili ya giaboksi nayo iangaliwe rangi. Halafu kuna kipimo kisicho na gharama: ukifika nyumbani, shuka uguse rimu zote nne. Moja ikiwa ya moto kuliko wenzake, breki imekamata, na unaburuta gari kila siku bila kujua.

Dada wa Jinja

Mimi nina Toyota Wish. Nilinunua kile kidude cha kuchomeka chini ya usukani, wakasema kinajifunza jinsi unavyoendesha na kupunguza mafuta. Nilijaza tangi na kuandika kilomita kwenye daftari miezi miwili. Hakuna tofauti hata lita moja. Kaka yangu akakifungua: taa tatu na waya mbili, hakuna kinachoongea na gari. Mwalimu, tafadhali usiguse karo ya watoto.

Forester Mbarara

Naheshimu waliotangulia, lakini tyuni si utapeli kila mahali. Nina Subaru Forester ya tabo ya 2006, niliifanyia, na sijutii. Kilima kilichokuwa kinanitesa sasa napanda bila kubadili gia.

Ila sikilizeni ilivyofanyika. Kwanza nilibadilisha plagi, koili mbili, mabomba ya hewa yaliyopasuka na mkanda wa taimingi. Hapo hela nyingi imeshakwenda, tyuni yenyewe bado. Halafu fundi alikaa pembeni yangu na laptopu, tukapanda na kushuka barabara ya Ibanda karibu siku nzima, tanki lina petroli ninayonunua siku zote. Kila injini ilipogonga, hata kidogo nisichokisikia mimi, aliona kwenye skrini, akarudisha cheche nyuma, tukarudia. Kugonga ni pale mchanganyiko unapojilipukia wenyewe badala ya kuwaka kwa mpangilio. Ukizidi unasikika kama kokoto ndani ya mkebe.

Rafiki yangu alikuwa na gari kama langu. Yeye aliwekewa faili tayari, ya magari ya Japani, ambako petroli yao ya daraja la juu inaanzia okteni 96 (okteni ni kipimo cha petroli kuhimili bila kugonga). Hakuna aliyepima chochote. Alifurahi miezi minne. Siku moja akaanza kuona moshi wa bluu, injini ikafunguliwa, pistoni ya silinda ya nne imepasuka kati ya ringi. Alinunua injini nyingine Kisekka, kwa wauza vipuri Kampala. Nilikuwepo ilipofunguliwa, kile kipande nilikishika mkononi, kidogo kama ukucha.

Kwa hiyo kwa mwenye tabo, gari lisilo na ubovu, petroli nzuri na fundi anayepima, inafaa. Kwa Premio yako, hapana.

Afande Mstaafu

Mwalimu, nimeendesha malori ya jeshi miaka 22, Kisoro naijua kona kwa kona. Swali lako ni la injini, mimi nakujibu la dereva.

Kwenye mkono wa gia kuna kitufe kimeandikwa O/D, yaani overdrive, ile gia ya juu kabisa. Mlima ukianza, kiminye, taa iwake kwenye dashibodi. Gari haliendi tena gia ya nne, linashika ya tatu na halihangaiki kupanda na kushuka. Fanya hivyo chini ya mlima, si katikati likiwa limeshachoka. Jaza upepo kwenye matairi kwa kipimo kilichoandikwa kwenye mlango wa dereva, maana umebeba watu watano.

Na lile lori la saruji: usitoke kulipita ukiwa unapanda. Hata ukiwa na farasi mia mbili. Ulirudi nyuma yake, ulifanya vyema sana, na mama watoto alinyamaza kwa sababu alihesabu watoto waliokuwa nyuma. Nimezika watu kwenye barabara hiyo, kijana wangu.

Mwalimu wa Seeta

Ndugu zangu, nimerudi baada ya wiki tano. Samahani kwa kuchelewa.

Jioni ileile niliyosoma jibu la Fundi nilifika nyumbani nikagusa rimu. Tatu zilikuwa za kawaida. Ya nyuma kulia sikuweza kuacha kidole. Kwa fundi wangu wa hapa Seeta tulikuta breki imekamata, na pedi imelika upande mmoja mpaka chuma. Chujio la hewa lilikuwa limejaa vumbi jekundu, plagi zilikuwa zimechoka, throto bodi nyeusi kama sufuria ya kuni. Oili ilikuwa imeshuka robo tatu ya kijiti, nami nilikuwa sijaipima tangu sevisi. Kila kitu pamoja na kazi, 430,000.

Petroli ya wiki nilikuwa naweka ya 120,000, sasa ya 100,000 inanifikisha Ijumaa.

Juzi tumekwenda Kabale. Baada ya Ntungamo niliminya kile kitufe chini ya mlima kama afande alivyosema. Gari limeshika gia ya tatu, likapanda na kilomita 70 kwa saa bila kulia. Si gari la mashindano, mlima bado ni mlima. Katikati tulikuta lori, nikakaa nyuma yake mpaka juu kabisa, barabara iliponyooka na kuonekana mbali ndipo nikalipita. Nilipomtazama mke wangu alikuwa anammenyea mtoto ndizi.