Anatomia mwaka wa kwanza: mkono umenishinda

Wakuu, nasoma udaktari hapa Dodoma, nimepanga Ng'ong'ona. Mifupa siyo shida. Shida ni ule mtandao wa neva za mkono, zinazotoka uti wa mgongo kuanzia C5 shingoni hadi T1 juu ya kifua. Jana kwenye mtihani wa vitendo kengele ikilia unahama meza. Mimi neva ya alna nikaiita midiani, neva nyingine ya mkono huohuo. Nimepata 9 kati ya 30, na macho bado yanawasha kwa fomalini, ile dawa ya kuhifadhia maiti. Mlitokaje?

Jibu
Pole mdogo wangu. Usikariri, chora. Mimi nilichora kwa chaki sakafuni kila asubuhi kabla ya uji: mizizi mitano, vigogo vitatu, kila kigogo kinagawanyika mara mbili, zinatoka kamba tatu, ndipo matawi. Alna? Jigonge nyuma ya kiwiko. Ganzi ikikimbilia kidole cha mwisho, ndiyo yenyewe. Hutaisahau.

Jibu
Mimi sapu, yaani mtihani wa marudio, niliipata kabisa. Likizo nzima nilibaki chuoni, bumu (pesa ya mkopo) limeisha, wenzangu wako kwao wanakula zabibu.

Jibu
Niko umahiri sasa, shahada ya pili. Huku hakuna kengele, kuna tasnifu, na wa mwaka wa kwanza unawafundisha wewe. Juzi natenganisha misuli ya mkono wa maiti nikakuta kijitawi kinaunganisha neva ya misuli-ngozi na midiani. Kwenye mchoro wa kitabuni hakimo, ila kwa baadhi ya watu kipo. Nilicheka peke yangu, glavu zimelowa.

Muulizaji
Asanteni. Chaki nimepata ya bluu tu, mwenye nyumba keshaanza kuuliza.